Kapteni Mifuko

Nilimwita Radi.
Nilimpa kifua kipana kama mlango wa ghala,
koti refu lenye pindo la moto,
na taya la kuvunjia karanga.
Lakini mikono, jamani, mikono.

Mkono ni mnyama mgumu.
Kila nikichora vidole vinatoka mihogo,
vinatoka ndizi za Kibuye zilizolaliwa na gunia.
Gumba halijui likae upande gani.
Nilifuta hadi karatasi ikatoboka,
saa nane usiku, gazeti likingojwa asubuhi,
basi nikamtia Radi mikono mfukoni
nikalala.

Hivyo ndivyo alivyookoa watu muhula mzima.
Lori la miwa lililokatika breki pale Mamboleo
alilizuia kwa bega.
Mwizi wa simu alimpiga mtama.
Kiboko aliyepanda hadi uwanja wa mpira
alimpigia mluzi tu, akarudi ziwani na aibu zake.
Mikono mfukoni.

Wasomaji wa Tochi
(kurasa nne, shilingi kumi, wino unaobaki kidoleni)
wakalisahau jina nililompa.
Wakamwita Kapteni Mifuko.
Kwenye foleni ya githeri nilisikia mengi:
amekatwa mikono huyo, vita vya zamani;
ana mke, anaficha pete;
la, mikono yake ndiyo silaha, siku akiitoa mji utaungua.
Kijana mmoja wa fasihi alimwandikia mhariri barua ndefu
kuhusu taifa lisilotenda.
Nilikula githeri yangu kimya.
Hakuna aliyemjua mchoraji.
Pembeni mwa kila katuni niliweka kunguru mdogo, basi.

Kisha maji yakakatika.
Siku ya sita. Ziwa zima liko dirishani,
linameta, linatucheka,
na mfereji wa bweni unakohoa kutu.
Akeyo, mhariri wetu, akaja na kalamu sikioni.
"Wiki hii ainue mkono. Mmoja tu. Ngumi."
Nikasema huyu bwana hana mikono ya kuinua.
"Mpe. Mkono mtupu haulambwi,
lakini angalau unaonekana."

Nikauweka mkono wangu wa kushoto juu ya meza,
nikaukunja, nikauambia utulie.
Sikuwahi kuutazama hivyo,
kama kitu cha mtu mwingine:
mishipa, mikunjo ya vifundo,
kidole cha mwisho kilichopinda tangu Chemelil,
tangu panga la miwa liliponiteleza nikiwa darasa la saba
na mama akakifunga kwa upindo wa leso yake
bila kusema neno, kisha akarudi kukata.
Mkono wa kulia ukafuata, polepole,
ukichora ulichokiona, si ulichokidhani.
Alfajiri ngumi ilikuwa hai.
Ilijaza kisanduku cha mwisho, ikavuka mstari.

Nakala ziliisha kabla ya saa nne.
Mtu aliikata ile ngumi akaibandika kwenye tangi tupu.
Siku ya nane maji yalirudi.
Sijui ni ngumi, sijui ni fundi.

Jumatatu mkuu wa wanafunzi alitupanga
kwenye veranda ya utawala,
sisi sote tuliowahi kuonekana na penseli.
Alishika gazeti, limekunjwa mahali pa ngumi,
na kuzunguka kile kidole kilichopinda
alikuwa amepiga duara la wino mwekundu.
Angekuwa mhakiki mzuri.
"Mikono mbele."
Ochola akatoa yake, ina chaki.
Nabwire akatoa yake, ina hina ya harusi ya dada yake.
Viatu vikaja, vikasimama mbele yangu.
"Na wewe?"

Nilikuwa nimesimama
vile nilivyomsimamisha usiku ule wa kwanza,
kifua mbele, taya juu,
viwiko vimetoka kidogo.
Ndani ya kitambaa, kidole changu kilikuwa kinatoka jasho.
Pembeni, Nabwire akashusha macho hadi mifukoni mwangu,
akayapandisha tena.
"Kumbe," akanong'ona.